Nilimtetea Rafiki Yangu wa Utotoni Nikiwa Ndani ya Eda

Simu ilinikuta nikihesabu siku. Mume wangu alifariki tarehe 20 Mfunguo Nne, yaani Muharram, na mjane hesabu yake ni ya mwezi wa mbinguni: miezi minne na siku kumi. Nilikuwa na daftari la shule la mwanangu ambalo kila asubuhi naliandikia mstari mmoja tu, siku ya ngapi na mwezi wa ngapi. Ijumaa ile niliandika: "Siku ya 43. Maulidi pili," yaani siku ya pili ya mwezi wa Maulidi. Hitima ya arubaini tuliisoma Jumanne. Masufuria ya kuazima yalikuwa bado yamepangwa uani, hayajarudishwa kwa wenyewe.

Aliyepiga ni mamake Nahodha. Nitamwita Nahodha humu, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane. Kila mstari ameusoma na kuukubali kabla sijautoa, kwa sababu siri ya mteja ni mali ya mteja, hata kesi ikiisha.

"Mwanangu, wamemchukua nduguyo."

Nduguyo, alisema, na hakukosea. Mamangu aliugua aliponizaa, na yule mama akaninyonyesha pamoja na mwanawe. Tulikulia nyumba za kukabiliana Shela ya Malindi, tukasoma chuo kimoja, tukachapwa fimbo moja. Mimi nikaenda kusomea sheria, yeye akaingia baharini na babake. Kwenye maziko ya mume wangu sikumwona. Hospitali hakuja. Niliambiwa yuko baharini, nikalikubali hilo kwa mdomo, lakini moyoni liliniuma, na nalisema hapa kwa sababu liliingia kwenye kesi bila mimi kujua.

Nilimpigia sheikh wa msikiti wetu kumuuliza kama naweza kutoka. Akaniambia mwenye eda hutoka mchana kwa haja, akarudi kulala nyumbani kwake. Nikavaa buibui bila manukato wala wanja, nikaenda kituoni.

Nilifika nimechelewa. Alikuwa ameshaandikisha maelezo.

Kama mtu wako amekamatwa leo na unasoma haya ukiwa nje ya kituo, basi chukua hili kwanza. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuzungumza na wakili. Kunyamaza si kukiri. Wengi hudhani anayenyamaza ndiye mwenye hatia, kwa hivyo huanza kusema ili waonekane wema, na neno la kwanza likishatiwa sahihi halifutiki. Kukiri kwa kweli kuna masharti yake: ni mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepungua cheo cha inspekta ambaye si yeye anayepeleleza kesi, na mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Lakini maelezo ya kukana hayana ulinzi wa namna hiyo. Ukikana kwa uongo, uongo huo unakaa kwenye faili ukikungoja.

Jambo jingine linalotia watu wazimu ni saa 24. Ni kweli mtu anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiisha mahakama imefungwa, ni siku ya mahakama inayofuata. Yeye alikamatwa Ijumaa. Kwa hivyo ilikuwa Jumatatu, na kelele zote tulizopiga Jumamosi pale kituoni hazikutusaidia kitu ila kutuchosha.

Shitaka lilikuwa zito. Tajiri mmoja wa samaki alipigwa usiku wa kuamkia Ijumaa ile, akavunjwa mkono na kupasuliwa kichwa. Alisema aliyempiga ni Nahodha, wamegombania deni la jarife, ule wavu mkubwa, na amemtambua kwa sauti na kwa mwanga wa tochi. Daktari alijaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, kuwa ni dhara kubwa. Kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi kifungo cha maisha.

Nilimkuta nyuma ya nondo. Mkono wake ulishika chuma, na mimi nikauona mkono wa mume wangu juu ya shuka la hospitali. Nikalia. Mteja ndiye aliyenibembeleza wakili.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, dadangu. Nimelala."

Basi. Nikaandika: *nyumbani, amelala*. Nina karatasi ya kurasa mbili ambayo huuliza kila mteja tangu nianze kazi. Nani alikuona mara ya mwisho? Simu yako ilikuwa wapi? Ulivaa nini na nguo hizo ziko wapi? Nani anajua ulikokuwa, na je, atasema? Swali la mwisho ni: kuna jambo hukuniambia? Siku ile karatasi ilikuwa mkobani, sikuitoa. Niliona kama ni kumtukana. Mgeni ningemuuliza yote. Ndugu yangu nilimwamini kabla sijamuuliza, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Na dalili zilikuwepo. Nahodha ni mtu ambaye hata bei ya changu huiapia. Siku ile hakuapa. Na pindo la kikoi chake lilikuwa na mstari mweupe wa chumvi, mpana kama kidole, ule unaobaki nguo ikilowa maji ya bahari na kukaukia mwilini. Mtu aliyelala nyumbani usiku kucha. Niliuona mstari ule kwa macho yangu, nikajiambia ni mvuvi huyu, chumvi haimwishi.

Dhamana ilichukua wiki tatu. Katiba inasema mshtakiwa aachiliwe kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, na mwendesha mashtaka alidai atawatisha mashahidi kwa kuwa wote ni wa ufuo mmoja. Hakimu akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Hapo familia nyingi hukosea: afisa akija nyumbani wanamwona ni askari, wanaficha maneno. Mwambieni kweli. Anataka kujua mtu ana makazi, ana jamaa, na jirani wanasemaje.

Masharti yakawa bondi ya shilingi 500,000 na mdhamini, au pesa taslimu 200,000. Bondi inataka hatimiliki asili, upekuzi wa ofisi ya ardhi na makadirio ya thamani. Familia yake imekaa kwenye ile ardhi tangu babu wa babu na haina hata karatasi moja, kama nyumba nyingi za pwani yetu. Kwa hivyo ikawa pesa taslimu. Mkewe aliuza bangili, wavuvi wakachanga, mimi nikatoa iliyobaki kwenye pesa za matanga. Risiti tuliiandikisha kwa jina la mama. Angalieni sana hapo: pesa ya dhamana hurudishwa kesi ikiisha, lakini hurudi kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti, na risiti asili ndiyo huulizwa. Nimeona ndugu wakikosana miaka kwa sababu ya jina lililoandikwa haraka dirishani.

Miezi iliyofuata sitaieleza yote. Kesi hutajwa, huahirishwa, shahidi hakuja, faili haionekani. Eda yangu ikaisha humo humo, nikaoga, nikabadilisha nguo, watu wakanipongeza, na kesho yake nilikuwa mahakamani. Nilidhani kazi inanitibu. Kweli ilikuwa inanificha. Nilisahau tarehe moja nikakumbushwa na karani. Siku mlalamikaji alipotoa ushahidi nilikuwa nimesimama kumhoji, mkewe akaanza kulia kwenye benchi la nyuma, kilio kile cha kujizuia, na swali lililokuwa mdomoni mwangu likapotea. Nikakaa chini na maswali sita sijayauliza. Hakimu alinitazama kwa huruma, na huruma ya hakimu haimsaidii mteja wako.

Picha nazo. Mwezi ulipoandama tena, nikiwa bado ndani ya eda, nilimtuma kakangu akapige picha za ule ufuo alfajiri. Nilijua nazitaka, sikujua bado kwa nini. Nilipotaka kuzitoa mahakamani upande wa mashtaka ukapinga: ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza picha zilipigwa kwa chombo gani na kutolewa vipi. Sikuwa nacho. Jambo la mwaka wa kwanza kazini, na mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Picha zikakataliwa.

Halafu akaja mama karanga.

Huyu ni mama wa kwetu, anakaanga samaki karibu na wanapopakulia, huamka kabla ya watu. Akasema saa tisa usiku ule alimwona Nahodha akitelemka ufuoni na jarife begani. Nikasimama kwa hasira. Nikamuuliza amelipwa nini. Nikamuuliza macho yake ni mazima. Hakunijibu kwa ukali. Aliweka mikono juu ya kizimba na kuniambia, "Wakili, mimi nina haja gani ya kumsingizia mtoto niliyemwona akizaliwa? Na wewe nilikuona."

Mahakama ilinyamaza. Na lililonichoma zaidi ni kwamba maneno yale nilikuwa nayo miezi mitano. Mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, ndiyo Ibara ya 50, na maelezo ya yule mama yalikuwa ukurasa wa tisa wa faili langu. Niliusoma na kuupita. Nilishajua alikuwa nyumbani, kwa hivyo yule mama alikuwa mwongo, kwa hivyo hakustahili kusomwa mara mbili.

Tulitoka, nikamvuta Nahodha chini ya mkungu ulio uani. Nikamuuliza mara ya pili kile nilichomuuliza mara ya kwanza.

"Ulikuwa wapi?"

Akatazama chini. Akasema, "Ndani ya hifadhi."

Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na kuvua ndani yake ni kosa. Kila mvuvi anajua mpaka wake, na kila mvuvi anajua samaki waliko. Kusi ilikuwa kali msimu ule, nje hakuendeki, na wiki tatu alikuwa anarudi na mashua tupu. Mashua si yake. Ndani yake walikuwa vijana wawili, mmoja shemejiye. Kusema alikokuwa ni kuwatia wote matatani na mwenye mashua kunyang'anywa chombo. Akaona heri aseme alilala, mkewe amuunge mkono, na kwa kuwa hakumpiga yule mtu, Mungu atafanya.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi ungeniambia."

"Wewe ulikuwa umefiwa. Ulikuja pale unalia. Nikaona nikikwambia nakuongezea."

Wakili akishajua kwamba jambo ni uongo, hawezi kumsimamisha mtu mbele ya hakimu akaliseme. Mkewe alikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu ya mashahidi wa utetezi. Nikalifuta jina lake usiku ule. Nilimpigia mama mmoja wakili wa Mombasa, ndiye niliyejifunzia kazi kwake, nikamweleza kila kitu bila kumtajia jina. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mtu hana wakili. Ana dada. Mtafutie wakili."

Alikuja yeye mwenyewe. Sikujitoa, ila tangu siku ile tulikuwa wawili na yeye ndiye aliyeongoza. Kama uko kwenye matanga na mtu wako wa karibu anakuomba umtetee, mtafute wa pili siku ya kwanza, si siku ya mia mbili. Hata kama hakuna pesa. Wakili rafiki atasoma faili lako jioni moja kwa kikombe cha kahawa, na lile ulilolipita kwa mapenzi atalikuta. Kwa kesi nzito na mtu asiye na uwezo, ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016. Ulizeni mahakamani, msingoje hukumu.

Kazi aliyonipa ilikuwa moja: nilisome faili kama la mtu nisiyemjua. Nikakaa sebuleni watoto wamelala, nikaanza ukurasa wa kwanza. Maelezo ya mlalamikaji yalikuwa na neno *mchanga* mara tano. Alikuwa amesimama mchangani chini ya ukuta. Alianguka mchangani. Aliyempiga alikimbia kwa mchangani kuelekea kusini, mwendo wa kutosha kumwona mgongo. Saa ilijulikana vizuri, kwa sababu alimpigia nduguye pale pale, na upande wa mashtaka ulileta rekodi ya simu: saa kumi na dakika kumi na mbili, usiku wa kuamkia Ijumaa.

Nilitaka kuandika tarehe pembeni. Nikainuka nikalichukua lile daftari la eda ili nihakikishe. *Siku ya 43. Maulidi pili.*

Mtoto wa ufuoni hahitaji kuelezwa. Mwezi ukiandama maji ni bamvua, hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na bamvua la kwetu hujaa kwenye saa kumi na kutoka kwenye saa nne. Saa kumi za usiku ule, chini ya ukuta ule, mchanga haukuwepo. Mwaka mzima nilitembea na jibu kwenye daftari la msiba wangu.

Shahidi aliyefuata alikuwa mzee wa kikundi cha wavuvi, aliyeitwa na mashtaka kueleza alivyomkuta majeruhi. Nilimwomba mwenzangu aniachie. Akanitazama kidogo, akakubali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Usiku ule mwezi ulikuwa wa ngapi?"

"Wa pili. Mwezi wa Maulidi."

"Na maji?"

"Bamvua."

"Bamvua hapa linajaa saa ngapi?"

"Saa kumi, na nusu saa juu yake. Usiku na mchana ni mamoja."

"Wewe ulimkuta wapi mlalamikaji?"

"Juu, penye mabanda."

"Chini ya ukuta, saa hiyo, mtu anaweza kusimama mchangani?"

Mzee alikaa kimya, akamtazama mlalamikaji, akanitazama mimi. Nadhani aliona neno lake linaenda wapi. "Pale hapana mchanga saa hiyo," akasema. "Pana maji, na maji yanapiga ukuta."

Baada yake akaja mpelelezi. Mwenzangu alimuuliza swali moja tu la maana: ulichora ramani ya pahali pale saa ngapi? Saa nne asubuhi, akajibu. Ramani yake ilikuwa na mchanga mpana, na bila shaka aliuona.

Hatukuleta shahidi hata mmoja. Mashtaka walipofunga, tukaomba uamuzi chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kwamba hakuna kesi ya kujibu. Hakimu alisoma kwa dakika arobaini. Utambuzi ni wa shahidi mmoja, usiku, baada ya pigo la kichwa. Tochi haikuletwa mahakamani. Pahali na saa havipatani. Nahodha akaachiliwa, miezi kumi na minne tangu siku aliyokamatwa. Pesa ya dhamana ilirudi baada ya wiki kadhaa, na mama akaenda nazo moja kwa moja kwa sonara kuulizia bangili, akakuta zimeshayeyushwa.

Kwenye lango tulikutana na mlalamikaji. Mkono wake haukupona sawa, umepinda kwenye kiwiko, anabeba mfuko kwa mwingine. Sidhani alisema uongo. Nadhani mtu aliyepigwa kichwani alikusanya usiku wake vipande vipande na kimoja kikakaa si pake. Akaniambia, "Alhamdulillahi kwenu. Na mimi nani atanijibu?" Sikuwa na la kumwambia, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeshtakiwa. Kwa mama karanga nilikwenda siku ile ile kuomba radhi. Alinipa kiti, akanipa samaki, hakulitaja.

Na Nahodha hatukuwa sawa. Kila Ijumaa alimtuma mwanawe kwangu na fungu la tasi au changu, yeye mwenyewe haji. Baada ya mwezi wa tatu nikamwambia mtoto: mwambie babako samaki wa wiki ijayo alete mwenyewe.

Alikuja baada ya alasiri. Tukakaa barazani kwa mama. Nikatoa ile karatasi ya kurasa mbili, nikamwambia nitamuuliza yote, kuanzia juu, na kesi imekwisha hakuna wa kumfunga. Akajibu moja moja. Nani alikuona, simu ilikuwa wapi, kikoi kiko wapi. Jua lilikuwa linazama tulipofika chini ya ukurasa wa pili.

"Kuna jambo hukuniambia?"

Alikunja mkono wa kanzu, akaukunjua.

"Usiku mumeo alipofariki nilikuja hospitali. Nilikusikia unalia kwenye varanda. Nikasimama nje mpaka alfajiri, nikashindwa kuingia."